Lipieni Kazi ya Kutafuta Ugonjwa

Mwenye kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne wanayokodi wageni, akifika gerejini kwangu hapa Nungwi, Zanzibar, mara nyingi ameshajiandikia dawa: "Fundi, kabureta imekufa, niwekee nyingine." Namuuliza: inazima ikiwa baridi au ikishapata moto? Ukirudisha choki au ukiongeza mwendo? Hapo uso unabadilika. Amekuja kununua kabureta, hakuja kuhojiwa.

Ombi langu, ambalo baadhi ya mafundi wenzangu hawatalipenda, ni kwamba wateja waanze kulipia uchunguzi. Sasa hivi ujira wa fundi umejificha ndani ya bei ya spea. Nikihangaika asubuhi nzima nikagundua kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi kimeziba, nikakizibua kwa waya, mteja huniambia, "Hujaweka kitu, nikulipe nini?" Nikimfungia kabureta mpya, kwadi ikawaka kwa sababu tu nilifungua kifuniko wakati wa kazi, atalipa na kunishukuru. Kijana anayejifunza ufundi ataiga njia ipi?

Kitundu hicho kimeuzisha kabureta nyingi nzima. Petroli inaposhuka, tangi lazima livute hewa kujaza nafasi yake. Njia zetu za ndani ni vumbi jeupe la mawe ya matumbawe; likishikana na unyevu wa pwani, linaziba. Kwadi inaondoka vizuri na wageni, halafu inakohoa na kuzima. Wakikaa kidogo chini ya mnazi inawaka tena, wanasonga mbele, inazima. Legeza kifuniko: ukisikia tangi likivuta pumzi, na mashine ikaendelea bila kukatika, umepata ugonjwa bila kununua hata skrubu. (Kabla ya yote hayo, tazama swichi nyekundu ya kuzimia kwenye mpini. Vidole gumba vya wageni vinaipenda sana.)

Masika nayo huniletea wagonjwa wa aina moja. Aprili na Mei wageni wanapungua, kwadi zinafunikwa turubai zikiwa na petroli kwenye kabureta. Sehemu nyepesi za petroli hupotea hewani, zinabaki gundi za rangi ya chai. Jeti ndogo inayolisha sailensa, yaani mashine ikinguruma bila kuongezwa mwendo, ina tundu jembamba mno, haihitaji uchafu mwingi. Ndiyo maana Juni kwadi inakubali kuwaka kwa choki tu, ukiirudisha, inakufa. Dawa ni kufunga koki na kulegeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta siku ile unayoiegesha. Ni kazi ya dakika chache, na wenye kwadi wanaijua.

Kama haiwaki kabisa, ng'oa plagi baada ya kupiga stata. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli ipo. Tafuta cheche, au petroli iliyozidi. Halafu chungulia kijiti cha oili. Oili ikiwa imepanda na inanuka petroli, usiwashe tena: sindano ya boya haifungi, au utando wa koki inayofunguka kwa mvuto wa mashine umechanika, na petroli inateremkia chini ya pistoni. Oili iliyozimuliwa hivyo hailindi chuma. Hapo uchunguzi ninaoulilia umeokoa injini nzima.

Wengine wana jibu moja kwa kila kitu: petroli imechakachuliwa. Ilikuwapo sababu. Bara, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuyachanganya kusilipe tena. Lakini kabla hujamlaumu muuza mafuta, chota petroli ya chini ya tangi lako kwenye chupa safi, iache itulie. Maji yatajitenga chini. Mara nyingi yanatoka kwenye dumu lako mwenyewe lililolala nje na mvua.

Ada ya uchunguzi nimeiandika ukutani, na nikikuta ugonjwa usiohitaji spea, ndiyo hiyo hiyo utakayolipa. Wapo wanaoisoma wakageuza. Ukiamua kuingia, niletee kwadi kama ilivyozima. Usiifungue kabureta njiani ukamwaga ushahidi.