Lighanini shairi kabla ya kulihesabia mizani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu namna ushairi unavyofundishwa katika shule zetu za upili.

Binti yangu yuko Kidato cha Tatu. Amekuja likizo na karatasi ya zoezi yenye shairi la beti tano. Nilimkuta barazani na penseli, anakatakata maneno kwa vijistari na kuhesabu kwa vidole. Alikuwa ameshaandika kwamba shairi ni tarbia, na kwamba katika ubeti wa tatu mshairi amekiuka arudhi, maana mshororo mmoja una mizani 15 badala ya 16. Nikamuuliza shairi lenyewe linasema nini. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Hilo ni swali la (e), mama, sijafika huko."

Mamangu alikuwa kando anachambua mchicha. Yeye hakusoma shule. Herufi anazozijua ni za chuo cha Kurani, lakini tenzi alizozisikia utotoni Lamu anazo kichwani mpaka leo. "Hebu nisomee hapo palipokosewa, mwanangu," akasema. Mtoto akasoma mbio mbio. Bibi yake akaurudia mshororo ule kwa mahadhi, taratibu, na alipofika kwenye neno "mtoto" akaitua ile "m" peke yake kabla ya kuendelea. M-to-to. Ni mizani tatu, na binti yangu alikuwa amehesabu mbili. Akahesabu upya, akapata 16, akatafuta kifutio.

Kisha mamangu akamwambia amsomee ubeti mmoja mmoja, naye akawa anaupokea na kuuimba. Kumbe ni shairi la mama anayemngoja mwanawe aliyekwenda baharini. Lilipokwisha, binti yangu akaomba lirudiwe. Mhariri, mtoto huyu amesoma ushairi shuleni tangu Kidato cha Kwanza, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akiomba shairi lirudiwe.

Sipingi vina na mizani. Nimezaliwa pwani na najua mshororo ulioguchia unavyoudhi. Lakini mizani ni mambo ya sikio. Iliwekwa ili shairi liimbike, na anayelisikia likiimbwa huijua kabla hajaambiwa jina lake. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alitia na diwani yake humo humo, sheria na mashairi katika jalada moja. Shule zetu zimekichana kitabu hicho katikati, zikabaki na sheria.

Ndiyo maana mwanafunzi anamaliza Kidato cha Nne akikutajia ukwapi, utao, mwandamo na ukingo bila kusita, na akikuorodheshea inkisari, mazida na tabdila, lakini hajui kwamba Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Hajui kwamba mashairi ya Sauti ya Dhiki, kitabu kilichotoka mwaka 1973, Abdilatif Abdalla aliyaandika gerezani, kwenye karatasi za chooni, alipofungwa kwa ajili ya kijikaratasi alichokiita Kenya: Twendapi? Kijana wa miaka 17 akielezwa hayo kwanza, kisha akasomewa shairi moja tu la mle ndani, atataka mwenyewe kujua mtu yule aliwezaje kushika vina na mizani katika hali ile. Hapo mfundishe arudhi, atakusikiliza.

Siwalaumu walimu peke yao. Mwalimu ana darasa lililofurika, silabasi haijaisha, na anajua alama ziko wapi. Maswali yakiwa ni yale yale ya bahari, umbo na uhuru wa mshairi, atafundisha hayo. Lawama kubwa naielekeza kwa wanaotunga mitihani, na kwa sisi wazazi tunaouliza mtoto amepata ngapi na hatuulizi amesoma nini. Cha kusikitisha ni kwamba dawa iko ndani ya shule hizo hizo. Ukienda kwenye tamasha la muziki utawakuta wanafunzi wakighani mashairi hadi mwili ukusisimke. Ila wale ni wachache waliochaguliwa, hufanya mazoezi jioni, na wakirudi darasani asubuhi wanakuta shairi limelazwa ubaoni likingoja kukatwakatwa.

Darasa la mwisho la mtaala wa 8-4-4 litafanya mtihani wa KCSE mwaka 2027. Wanaoandaa mitihani ya mtaala unaofuata wanayo nafasi ya kuweka alama za kughani na za kutunga, na za mwanafunzi kueleza kwa maneno yake ni mshororo upi umemgusa na kwa nini. Nawasihi wasiipoteze.

Nanyi walimu, nawaomba jambo moja lisilongoja mtaala wala kitabu kipya. Shule zikifunguliwa, kipindi cha kwanza cha ushairi, someni shairi zima kwa sauti, mara mbili, penseli za watoto zikiwa bado mikobani.

Mama wa mwanafunzi,
Mombasa