Babu Hajanyamaza, Ni Sisi Hatusikii

Babu yangu alikuwa mnadi samaki. Pale ufuoni Homa Bay, akitaja bei ya mbuta, wachuuzi walimsikia kabla hata hawajashuka kwenye bodaboda. Siku hizi nikimpigia simu kutoka hapa Migori nasikia pumzi tu, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Nilikuwa namfokea, "Babu, ongeza sauti!" halafu nakata. Nilidhani amenuna kwa sababu niliacha chuo.

Kumbe ana ugonjwa wa Parkinson.

Wengi wetu tukisikia jina hilo tunawaza mikono inayotetemeka. Lakini ugonjwa huu, ambao daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817, unaiba sauti pia. Muhammad Ali, yule bondia aliyemchokoza Foreman kwa mdomo kule Kinshasa 1974, alipatikana nao mwaka 1984. Mdomo ule nao ulififia.

Iko hivi. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini. Zikifa, mawasiliano yanalegea kati ya sehemu zinazopanga maneno na zile zinazoendesha misuli ya kifua, koo, ulimi na midomo. Sauti inashuka, inakuwa bapa, maneno yanashikana. Uso nao unakakamaa, ndiyo maana tunadhani mzee ana hasira.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba mara nyingi mgonjwa mwenyewe hajui kama ananong'ona. Ubongo unampimia vibaya, anajisikia anaongea kawaida tu. Ukimwambia husikii, anaona ni masikio yako yana shida.

Sasa sikia. Desemba, familia ilikaa kujadili kuuza kipande cha shamba. Babu aliulizwa mara moja. Midomo ikachezacheza. Kabla hajamaliza, mtu akasema, "Mzee amekubali," kikao kikafungwa. Jioni nilivuta kiti karibu naye, nikasubiri. Alikuwa amesema hapana.

Hapo ndipo ninapogombana na watu wangu. Kimya cha mgonjwa si kura ya ndiyo. Si ulevi, si utoto wa uzeeni, na wale wanaonong'ona habari za chira wangempeleka hospitali kwanza. Akili ya babu iko sawa kabisa. Kilichopungua ni sauti.

Dawa ya levodopa inasaidia sana mwili kusonga, lakini kwa sauti mara nyingi haitoshi. Kuna mazoezi ya kupaza sauti, siku 4 kwa wiki kwa wiki 4, yanayomfundisha mgonjwa kuongea kwa nguvu kwa makusudi. Yanahitaji mtaalamu wa matamshi. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo mwanasiasa akija kutuomba kura Migori au Homa Bay, tumuulize: wataalamu hao ni wangapi, na wanafika vijijini?

Lakini mengine hayangoji bajeti. Zima redio. Kaa mbele yake umwone midomo. Usimmalizie sentensi. Na kama kuna uamuzi wa familia, rudia kwa sauti ulichosikia, umuulize kama ndicho alichosema.

Shamba bado halijauzwa. Jumapili napanda matatu, napitia Rongo hadi kwa babu. Kikao kinarudiwa, na safari hii mimi ndiye nitakayeketi karibu naye.