Mcheza Kwao Hutunzwa: Kadi Zetu Zianze na Mimea ya Kajiado



Muhula uliopita chama chetu kilitengeneza kadi na alamisho za vitabu ili kipate nauli ya ziara. Wazo lilikuwa zuri. Lakini hebu niulize, jamani: mbona kila kadi ilikuwa na waridi la Ulaya? Tena picha zenyewe tulizinunua! Jamaa wa duka moja la kompyuta alitutoza pesa kwa kila picha, ati ni zake. Kumbe alizitoa katika kitabu kikuukuu ambacho mtu yeyote anaweza kukifungua bure.

Iko maktaba ya mtandaoni iitwayo Biodiversity Heritage Library. Humo mna Curtis's Botanical Magazine, jarida lililoanzishwa London mwaka 1787, ambalo picha zake zilipakwa rangi kwa mkono hadi mwaka 1948. Matoleo yake ya karne ya 19 ni mali ya umma. Unachukua picha, unaichapisha kwenye karatasi ya manila, basi. Ila ukitafuta, tumia jina la kisayansi la zamani. Mgunga ambao Wamaasai huuita oltepesi sasa unaitwa Vachellia tortilis, lakini vitabu vya kale vinaujua kama Acacia.

Hata hivyo, si kila picha ya zamani ni ya bure. Joy Adamson, yule wa simba Elsa, alichora mamia ya mimea ya Kenya. Alifariki mwaka 1980. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi ya msanii kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, kwa hivyo za Adamson tuziache hadi mwaka 2030 uishe. Mgala muue na haki yake mpe.

Wapo watakaosema, "Picha ni picha tu, bora kadi inunuliwe." Mimi nakataa! Mwaka 1895 jarida lilo hilo lilichapisha picha ya ua dogo la zambarau kutoka milima ya Usambara. Leo ua hilo limo katika vyungu madirishani kote Ulaya. Kwetu je, wangapi wanalijua? Na hapa Kitengela ploti na seng'enge zinameza mbuga kila kukicha. Nyanya zetu walisafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa mwitu. Mwanafunzi aliyekulia kwenye ploti utamwonyesha wapi mti huo, kama hata picha yake hana?

Napendekeza hivi. Mwaka huu nusu ya kadi zitumie picha za kale za mimea ya Afrika Mashariki. Nusu nyingine tuchore wenyewe: oltepesi, oloirien na osukuroi, yaani mshubiri. Kila kadi iwe na jina la Kimaasai, la Kiswahili na la kisayansi, na nyuma yake tuandike picha ilikotoka au aliyeichora. Majina tusiyoyajua tuwaulize wazee wetu wangali hai.

Waridi halina kosa lolote. Lakini lina wachoraji wake tele. Oloirien inatungoja sisi.