Mojito ya 650 na Kiti cha Kukodi

Vijana wa Mombasa. Leo tuambiane ukweli. Atakayekasirika na akasirike, kesho tutasalimiana.

Jumamosi jioni unapanda mkahawa wa ghorofani huko Nyali. Mojito isiyo na kilevi, shilingi 650. Ndani kuna nini? Ndimu, nanaa, sukari, soda, na barafu ya kujaza glasi. Nenda Marikiti na mia tatu uone kama hutatengeneza jagi la nyumba nzima ukabakisha ndimu za achari. Lakini unalipa, unapiga picha, unaweka stetasi, na Jumatatu unamuomba mamako nauli ya kwenda kutafuta kazi.

Kuna kibarua wa mjengo Kisauni anayebeba zege tangu asubuhi na jioni harudi nyumbani na 650. Pengine ni babako.

Halafu soma risiti. Juni 2024 tulitoka barabarani kuukataa Mswada wa Fedha, wenzetu wakapigwa risasi, mswada ukaondolewa. Sasa angalia hapo chini: VAT asilimia 16, ada ya utalii asilimia 2. Katika hiyo glasi moja, karibu shilingi 100 ni ya serikali. Ushuru uliouimbia barabarani unaulipa hapa ukiwa na mrija mdomoni, hata hujaulizwa mara mbili.

Na pesa ikiisha kwa simu, kuna Fuliza. Kukopa ununue unga, naelewa. Kukopa ununue barafu? Ile ada inayoongezeka kadri siku zinavyopita, muulize imamu wako jina lake kwa Kiarabu. Kuhusu israfu sina la kuongeza, sote tulipita madrasa na aya ya 31 ya Suratul A'raf tunaijua.

Lakini wazee wakiona haya husema vijana wameharibika, basi. Hapo sikubaliani nao. Wewe hununui juisi. Unakodi kiti.

Kwani mtaani utakaa wapi? Mkiwa wanne barazani saa tatu usiku, gari la polisi likipita mnaulizwa vitambulisho na mnapanda nyuma. Na huyo ni wewe mwanamume. Dada yako je? Yeye hata hilo baraza hana. Maskani ni ya wanaume, na akitembea ufuoni na wenzake jioni anasumbuliwa kila hatua kumi. Kwa hiyo analipa 650 ili akae saa mbili bila kuguswa wala kuulizwa ni binti wa nani. Mimi siwezi kumcheka.

Na bahari tunayo! Ibara ya 62 ya Katiba inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kupwa na maji kujaa ni ya umma. Yako, yangu, ya yule muuza kahawa. Lakini utaifikiaje ikiwa vichochoro vya kushukia ufuoni vimezibwa kwa kuta na mageti, na bawabu anakuuliza unaenda wapi? Umezungukwa na maji pande zote, na bado unalipishwa kuyaangalia kutoka ghorofani.

Kwa hivyo mambo mawili. Kwanza, mwezi huu tuache hizo glasi. Chukueni buli la kahawa tungu, kashata na madafu, mshuke Mama Ngina wengi kwa pamoja, kaka na dada zenu, ili asiwepo wa kumsumbua mtu. Mkiwa thelathini hamuulizwi vitambulisho kirahisi.

Pili, makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kabla ya kupitishwa ni lazima wananchi wasikizwe. Vikao hivyo hujaa wazee na wenye tenda. Mara hii tuingie sisi, tuulize: taa za ufuoni ni ngapi, vyoo viko wapi, na kila njia ya umma iliyozibwa kutoka Nyali hadi Shanzu itafunguliwa lini? Andika hapa chini njia iliyofungwa mtaani kwenu, na picha ya geti kama unayo. Tunatengeneza orodha.