Mnatuuzia Bei, Nyumba Mmeificha

Kila mwenye kipaza sauti ana Singapuri yake mfukoni. Zanzibar wameahidiwa kuwa Singapuri, Kenya wameahidiwa, na hapa Dar jamaa hawachoki: eti miaka ya sitini tulikuwa sawa nao, tazameni wenzetu walipofika! Halafu picha ya maghorofa na taa. Sawa, tumeona. Ila waulize maisha kule yanagharimu nini, nani analipa, nani anafaidi. Wanaanza kukohoa.

Haya, tuongee bei. Kuna kitengo cha utafiti cha jarida la Economist la Uingereza kinachopanga miji ya dunia kwa ughali kila mwaka. Mwaka 2023 Singapuri ilishika nafasi ya kwanza, ikifungana na Zurich, na hiyo ilikuwa mara ya tisa katika miaka 11. Nchi yenyewe haifiki nusu ya Unguja kwa eneo, na imebeba watu kama milioni sita.

Gari, kwa mfano. Kule huanzi na gari, unaanza na kibali cha kuwa na gari, na kibali kinapigwa mnada. Mtindo huo ulianza 1990, na baada ya miaka kumi kibali kimekufa, unalipa upya. Oktoba 2023 kibali cha gari kubwa kilifika dola za Singapuri 150,001, yaani zaidi ya laki moja za Kimarekani. Soma tena taratibu, mshikaji. Hiyo ni karatasi tu. Gari bado liko dukani.

Mpenda Singapuri akisikia hivyo anachekelea: unaona, ughali ni dalili ya maendeleo! Uongo mtupu. Ughali ule ulipangwa mezani. Serikali iliamua kwamba kisiwa kidogo hakiwezi kugeuka maegesho, kwa hiyo gari liwe anasa, na mtu wa kawaida apate treni na basi la uhakika kwa nauli anayoimudu. Sisi tumepata nusu ya kwanza. Gari ni anasa, na basi unaning'inia mlangoni.

Na nyumba je? Hapa ndipo wanaponyamaza kabisa. Mwezi Mei 1961 mtaa wa vibanda wa Bukit Ho Swee uliungua, watu kama 16,000 wakabaki bila makazi. Shirika la nyumba la serikali lilikuwa na mwaka mmoja tu tangu lianzishwe. Likajenga, na halikuacha kujenga. Mwaka 1966 ikaja sheria ya kutwaa ardhi, serikali ikachukua viwanja vya wenye navyo kwa fidia isiyowafurahisha hata kidogo. Leo wakazi karibu wanane katika kila kumi, nikimaanisha raia na wenye ukaazi wa kudumu, wanaishi katika maghorofa ya shirika hilo, na wengi wao wameyanunua kwa hati ya miaka 99.

Sasa niambieni. Ni lini mlimsikia bwana mkubwa wetu, katikati ya hotuba yake ya Singapuri, akisema atatwaa viwanja vya vigogo Masaki awajengee watu wa Manzese? Thubutu!

Hata mama lishe wao. Wachuuzi wa chakula waliondolewa barabarani kweli, hasa miaka ya sabini, lakini walijengewa vituo vyenye paa, maji na mifereji. Mpaka leo mfanyakazi anakula humo kwa dola chache katika mji unaoongoza kwa ughali, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wa vituo hivyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kwetu mgambo anamwaga sufuria mtaroni, halafu jioni tunaambiwa ndiyo usafi wa Singapuri.

Wanachokariri vizuri ni kodi na mishahara. Kodi ya mauzo kule ilianza asilimia 3 mwaka 1994, Januari 2024 ikafika 9. Yetu ilishaipita siku nyingi. Waziri analipwa kuanzia kama dola milioni 1.1 za kule kwa mwaka, na hilo linawatoa udenda. Ila Oktoba 2024 aliyekuwa waziri wa usafiri, S. Iswaran, alihukumiwa miezi 12 jela kwa mambo ya zawadi, zikiwemo tiketi za mpira na baiskeli. Baiskeli! Kwetu angeitwa mlokole.

Msidhani naipigia debe Singapuri. Wewe kijana unayeandika mashairi chumba cha uani, kule ungesubiri: bila ndoa, huruhusiwi kununua nyumba ya shirika mpaka ufikishe miaka 35. Unalala kwa wazazi na utu uzima wako.

Na hayo maghorofa yanajengwa na nani? Vijana wa Bangladesh na India, katika nchi isiyo na kima cha chini cha mshahara kwa wote. Wanapelekwa kazini nyuma ya malori. Mwaka 2020 korona ilipoingia, ilienea zaidi kwenye mabweni walikorundikwa, wao waliokuwa zaidi ya laki tatu. Binti wa Indonesia au Ufilipino anayelea mtoto wa tajiri alipata haki ya siku moja ya mapumziko kwa wiki mwaka 2013 tu. Mwenye kibali cha kazi za namna hiyo hawezi hata kumwoa raia bila ruhusa ya serikali.

Novemba 2012 madereva wa basi 171 kutoka China waligoma. Walikuwa wanalipwa chini ya wenzao wa Malaysia kwa kazi ileile. 29 walirudishwa kwao, watano wakafungwa wiki kadhaa. Nauli ile nafuu niliyoisifu juu pale, sehemu yake ilitoka kwenye mifuko ya watu hawa.

Kwa hiyo Singapuri ziko mbili. Ile ya malori na ya kufunga wagoma naona mafundi wetu tayari wako juu ya paa. Ile ya 1966 mtatuwekea lini jiwe la msingi, waheshimiwa? Tuanzie kiwanja cha nani?