Ramani ya Zamani Isitupwe

Aghalabu ramani mpya ya topografia inapofika shuleni, ile ya zamani hutupwa au hugeuzwa jalada la madaftari. Hudhaniwa kuwa imekosea, kwa sababu barabara iliyochorwa humo haipo tena. Dhana hiyo yafaa ipingwe, na mfano mzuri ni kivuko cha Lees Ferry katika mto Colorado, jimbo la Arizona, Marekani.

Mto huo umechimba makorongo marefu yenye kuta zilizosimama wima. Katika ramani, mistari ya kontua imesongamana kandokando yake hata ikakaribia kuwa mstari mmoja. Lakini pale Lees Ferry, mto Paria unapoingia katika Colorado, mistari hiyo inaachana. Mwanafunzi ajuaye kuisoma atatambua bila kuambiwa kwamba hapo magari ya kukokotwa na wanyama yaliweza kuteremka hadi majini. Kivuko kilianza katika miaka ya 1870. Mwezi wa Juni 1928 pantoni ilipinduka, watu watatu wakafa, na huduma hiyo haikurudishwa tena. Kilometa chache kufuata mto, Daraja la Navajo lilikuwa likijengwa, nalo likakamilika Januari 1929, mita 142 juu ya maji. Ajabu ni kwamba daraja liliwekwa palepale ambapo kontua zimebanana! Pantoni hutaka ukingo mpole. Daraja hutaka kuta mbili zinazokaribiana. Jambo hilo huonekana wazi ramani mbili za nyakati mbalimbali zinapotandazwa mezani pamoja.

Juu ya kivuko hicho, bwawa la Glen Canyon lilianza kuzuia maji mwaka 1963, na ziwa Powell likafunika korongo. Wapo wasemao kwamba siku hizi picha za satelaiti zatosha. Picha hizo haziwezi kuonyesha bonde lilivyokuwa kabla ya kufunikwa. Ziwa lilipopimwa upya mwaka 2017 na 2018, vipimo vililinganishwa na vile vya kabla ya bwawa, ikaonekana kwamba nafasi ya kuhifadhi maji ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 7 kutokana na mashapo. Pasipo ramani za kale, hesabu hiyo ya kutoa ingekosa namba ya kwanza.

Shule yenye karatasi ya zamani ya 1:50,000 na iandike mwaka wake pembeni, kisha iiweke kabatini pamoja na mpya.