Picha Nzuri ya Mnyama, Lakini Imepatikanaje?



Leo tunaweka pembeni lesi na hina, tuseme jambo linalotukera. Siku hizi kila mtu anashindana kwa picha za wanyama. Hifadhi zina mashindano, bustani za wanyama zina mashindano, na sisi wenyewe tunashindana kwenye simu kwa kuhesabu nani kapendwa zaidi. Picha ikipendeza tunasema mashaallah, tunaisambaza, basi. Hakuna anayeuliza imepatikanaje. Sisi tunasema lazima tuulize. Picha ya mnyama iliyopatikana kwa udanganyifu au kwa kumsumbua haistahili zawadi, iwe ya fedha au ya kidole gumba tu.

Mtu asituambie tunakuza mambo. Kuna shindano kubwa la picha za viumbe wa porini linaloandaliwa London na jumba la makumbusho la Natural History Museum. Mwaka 2009 mshindi mkuu alikuwa Mhispania, José Luis Rodríguez. Picha yake ilimuonyesha mbwa mwitu wa Ulaya akiruka geti usiku, miguu yote hewani, kama mnyama wa hadithi za bibi. Zawadi ilikuwa pauni 10,000. Lakini Januari 2010 ushindi ukafutwa. Waamuzi walichunguza, wakaona kuna kila dalili kuwa mbwa mwitu yule si wa porini, bali ni mnyama aliyefugwa na kufunzwa kwenye bustani ya wanyama karibu na Madrid. Kanuni za shindano zilikataza wanyama wa kukodi. Mwenyewe alikana, na kwa uadilifu tunalisema hilo. Waamuzi hawakuridhika.

Haikuishia hapo. Mwaka 2018 shindano hilohilo lilimuondoa mshindi mwengine, Marcio Cabral wa Brazil, aliyekuwa ameshinda kundi moja mwaka 2017. Picha yake ilionyesha mnyama mla mchwa akikaribia kichuguu kinachometameta usiku kwa wadudu wanaotoa mwanga, katika Hifadhi ya Taifa ya Emas. Wataalamu watano waliifananisha na mnyama aliyekufa zamani, ngozi yake ikajazwa na kuwekwa kwenye jengo la kupokelea wageni la hifadhi hiyo. Wakasema ni yuleyule, mpaka alama za manyoya zinalingana. Huyu naye alikana, na ushindi ukafutwa vilevile.

Tunajua jibu la wengi: "Jamani, picha ni picha. Nani kaumia?"

Waliumia wengi. Kaumia mpiga picha mwenziwe aliyelala porini kwenye baridi wiki nzima, akarudi na picha ya mkia tu kwa sababu mnyama wa kweli hapangiwi. Kaumia mtazamaji, kwani akishadanganywa mara mbili hatoamini tena hata picha ya kweli inayoonyesha msitu unakatwa au mnyama anakwisha. Na aliyeumia zaidi ni mnyama. Picha za uongo zikipata soko, biashara ya kumfungia mnyama ili apigwe picha nayo inapata soko. Huko Marekani yapo mashamba ambayo mpiga picha hulipa ada, akatolewa mbwa mwitu au puma kutoka kizimbani, akaambiwa aruke hapa, asimame pale. Kazi ikimalizika mnyama anarudishwa ndani. Kwenye picha utaona theluji na milima. Kizimba hukioni.

Sisi ni watu wa cherehani, na jambo hili kwetu halihitaji elimu kubwa. Mteja akitaka satini, mpe satini na umwambie ni satini. Hakuna dhambi. Kosa ni kumuuzia satini kwa bei na jina la hariri. Ndiyo maana hatupingi shindano la picha kwenye bustani ya wanyama. Likitangazwa wazi kuwa wanyama hawa wanafugwa, wanatunzwa vizuri, na kila picha ikaandikwa hivyo, mtu anashindana kwa jicho lake na subira yake, na hakuna aliyedanganywa. Uovu unaanza pale simba wa kizimbani anapoitwa simba wa porini.

Dini yetu imeshalimaliza jambo hili sokoni. Tunafundishwa kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono ndani ya rundo la chakula akakuta chini kumerowa, na juu kukavu. Muuzaji alisingizia mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Basi picha ni kama rundo lile. Na kuhusu viumbe, tunajua pia kisa cha ndege aliyechukuliwa makinda yake akawa anahangaika kwa mbawa, na Mtume akaamuru arudishiwe. Anayekata matawi yanayofunika kiota ili kamera ione vizuri, na jua na kunguru navyo vikaona vizuri, akitafakari kisa hicho.

Na tusidhani haya ni ya Ulaya na Brazil peke yake. Hapa kwetu kisiwani Changuu wapo kobe wakubwa, asili yao Shelisheli, walioletwa mwaka 1919. Kobe hao waliibiwa na kuuzwa mpaka mwaka 1996 wakabaki 7 tu, ikabidi walindwe. Ni wazee kuliko bibi zetu. Kisha mtu anapanda juu ya gamba lake, anaketi, anatabasamu, eti picha. Jozani wapo kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu, hapana pengine duniani. Wageni wanaambiwa wasiwasogelee na wasiwape chakula, lakini utamuona mtu ananyoosha mkono na ndizi ili kima aje begani. Maradhi ya binadamu yanaweza kumpata kima, na kima akizoea kulishwa anakuwa msumbufu, mwishowe anapigwa mawe. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya picha itakayotazamwa sekunde tatu.

Sasa tunakuja kwenu mabiharusi. Mtindo wa picha za kabla ya harusi pamoja na wanyama umeingia, na sisi tunashona magauni yanayokwenda kupigiwa picha hizo, kwa hiyo tuna haki ya kusema. Mwanangu, gauni lako limeshonwa kwa siku nyingi, shela lako limetariziwa kwa mkono. Halihitaji kobe wa miaka mia chini yake wala kima kwenye mkono ndipo lionekane. Ukitaka kupiga Changuu, simama pembeni, mwache kobe ale mchicha wake, picha itapendeza na utakuwa na amani moyoni. Ndoa ni ibada. Hatuianzi kwa kumkera kiumbe asiyeweza kusema "niache".

Na nyinyi mnaoandaa mashindano, iwe ya hifadhi, ya skuli au ya hoteli, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila picha iandikwe kama mnyama yuko huru au anafugwa. Pili, mshindi alete picha zake zote za asili kabla ya kupewa zawadi, si ile moja iliyosafishwa. Tatu, aliyemlisha, kumfukuza au kumgusa mnyama aondolewe, hata kama picha yake ndiyo nzuri kuliko zote. Hasa kama ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoigwa na wengine.

Na sisi watazamaji tunaobaki na simu mkononi ndio waamuzi wakubwa. Kabla hujabonyeza, uliza: mnyama huyu yuko wapi, amefanywa nini, na mpigaji kasema kweli? Ukikosa jibu, ipite. Picha isiyopata wapenzi haitopigwa tena.

Allah atujaalie macho yanayopenda uzuri na nyoyo zisizokubali uzuri wa kughushi. Amin.